Soma Kwanza, Zika Baadaye

Tibirinzi,
Chake Chake, Pemba.
9 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Jecha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Mwanabaraka na watoto, na joto la Suhar liwe limeanza kuwaonea huruma. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Umeme unakatika na kurudi kama kawaida yake, na paa la upande wa jikoni nimelitia bati jipya mwezi uliopita, kwa hiyo lile beseni lililokuwa likikinga maji chini ya tundu tangu enzi za baba limestaafu.

Mgongo wako vipi? Macho je? Na Laila ameshaizoea skuli yake mpya? Aliniahidi picha akiwa amevaa sare, naisubiri mpaka leo. Mwambie shangazi yake hasahau ahadi.

Karafuu mwaka huu zimezaa. Kule Pujini majamvi yameanikwa mpaka mbele ya milango, ukipita unapiga chafya. Ndugu yetu Asma hakuchuma. Amekaa kwenye kigoda chake chini ya mkarafuu anaamrisha wachumaji kwa sauti ya kukwaruza, na wao wanamwogopa kuliko alipokuwa na sauti nzima. Hilo la sauti nitalirudia.

Najua utashangaa kupokea barua. Hafiz, mtoto wa jirani, aliponiona natafuta bahasha aliniuliza kama simu yangu imeharibika. Simu nzima. Ila mtandao wa Suhar una tabia moja: hukatika kila nikitaja hospitali. Mwezi uliopita ulikatika mara tatu, na mara zote dakika moja nyuma ulikuwa unanisikia vizuri. Barua haikatiki. Hafiz anaondoka Alkhamisi, na nimemwapisha akutie mkononi mwenyewe. Nakuomba uisome peke yako kwanza, mpaka mwisho, ndipo umpe Mwanabaraka aisome.

Nianze na lililo la haraka. Asma ameniambia kuwa utapasuliwa ngiri tarehe sita mwezi ujao. Kaka, nakuomba kwa haki ya mama aliyetuzaa, usiingie chumba cha operesheni kabla hujapimwa jambo moja ambalo madaktari wako hawalijui, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ngiri ina subira, inaweza kungoja. Hili jingine halina subira, na likikutwa mezani huku umelazwa usingizi linaweza kukuua.

Sasa nikueleze, polepole. Ulimwambia Asma, ukidhani ni maneno ya kupitishia wakati, kwamba kuna saa moyo unakwenda mbio bila sababu, jasho linakutoka na kiyoyozi kimewaka, kichwa kinataka kupasuka, uso unakupauka, kisha baada ya robo saa unatulia na kuendelea na kazi zako. Ulisema Mwanabaraka anaona ni husuda ya watu wa kazini na amekutafutia kombe la aya. Kombe unywe, mimi sina ugomvi nalo. Lakini Asma aliponisimulia nilikaa chini, kwa sababu hayo si mageni nyumbani kwetu. Mama alikuwa hivyo hivyo.

Unakumbuka alivyokuwa akikaa kwenye ngazi ya jikoni, kanga imerowa, mkono uko kifuani? Wakasema ana pepo. Alipungwa mara mbili, na mara ya pili yule mganga alitaka beberu mweusi asiye na doa, na wewe ndiye uliyezunguka mpaka Wambaa kumtafuta. Hatukuwa wapumbavu. Tulikuwa hatujui tu, na hayo ni mambo mawili.

Ulizoea kunitania kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili niwe daktari wa wagonjwa wasiosema. Ni kweli. Mimi huletewa kinyama kilichotolewa mwilini, kiko kwenye chupa ya dawa. Nakikata, kinatiwa ndani ya nta, kinachanwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kinalazwa juu ya kioo, nami nakitazama kwa hadubini. Kwa karibu miaka ishirini utafiti wangu umekuwa wa uvimbe wa matezi: tezi la shingoni, na yale mawili madogo yaliyokaa juu ya figo, ambayo kazi yake ni kuutia moyo mbio tukishtuka. Vinyama mia sita na arubaini na moja nimevisoma na kuviandika daftarini. Nimehudhuria mikutano ya watu wenye tai, nikasimama mbele yao nikaeleza nilichokiona. Nikiulizwa kwa nini nilichagua matezi, hujibu kwamba mwalimu wangu ndiye aliyenipangia. Si kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta tezi moja tu, la mama, na nikilitafuta ndani ya shingo za watu wengine.

Mwezi wa Ramadhani Asma alinionyesha uvimbe upande wa kushoto wa shingo, mdogo, hauzidi kokwa ya shokishoki. Nilimchoma sindano mwenyewe, nikaenda kutazama. Chembe zile nilizijua mara moja, kaka, nimeziona kwa wageni mara nyingi. Ni saratani ya tezi la shingo, lakini si ile ya kila siku. Hii pengine hutembea ndani ya ukoo, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na ikitembea hivyo huweza kufuatana na uvimbe mwingine katika yale matezi ya juu ya figo. Huo wa juu ya figo ndio unaoleta jasho na moyo wa mbio. Wanafunzi wangu huniita Mkono wa Chuma kwa kuwa siangushi kitu, na siku ile nilivunja kioo cha kwanza na cha pili.

Tulipeleka damu yake ikapimwe vinasaba, yaani ule urithi wa mwilini tunaozaliwa nao. Majibu yakarudi kwamba anayo hitilafu hiyo tangu tumboni. Kabla hajapasuliwa tukayapima matezi ya juu ya figo, yakaonekana salama, ndipo akapasuliwa mwezi wa Juni. Uvimbe umetoka. Anameza kidonge kila asubuhi, sauti inarudi kidogo kidogo. Bintiye Kauthar naye tumempima, na anayo. Ana miaka kumi na minne. Tezi lake litatolewa likizo ya Disemba, kabla halijaharibika, na wasiwasi wake mkubwa ni kama mtandio utalificha kovu.

Na mimi nimepima. Sinayo. Nilipoambiwa nilitoka uani nikalia, na si kwa furaha. Niliona nimetoka kwa mlango ambao ndugu zangu wamesimama nyuma yake. Kila mtoto anayezaliwa na mzazi mwenye hitilafu hii ni nusu kwa nusu, anaweza kuipata na anaweza kuikosa. Mama alizaa watatu. Asma anayo, mimi sina, umebaki wewe.

Sasa naingia pale ambapo mimi na wewe tumekuwa tukipakwepa kwa miaka thelathini na minne. Nimeandika sentensi hii nikainuka nikachemsha chai, nikarudi, na bado ni ngumu.

Mwaka 1991 mama alipotolewa tezi la shingo hapa Chake, daktari alikitia kile kinyama kwenye chupa ya jamu yenye dawa, akabandika plasta, akaandika jina lake, Mwanawema. Akakupa wewe, kijana wa miaka ishirini na miwili, ukipeleke Dar kikasomwe, maana Pemba hapakuwa na msomaji. Ulitia chupa ndani ya kikapu, ukaizungushia kanga ya mama mwenyewe isigongwe. Ulituaga kwamba unapita Pujini kwa Mjomba Khatib, kaka yake mama, kisha unakwenda Mkoani kupanda meli. Siku ya sita ulirudi, ukasema majibu ni safi. Mama aliinua mikono akashukuru, akachinja kuku wawili, akaita majirani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na liko jambo nililoliona nisilielewe. Hukula. Ulisema meli imekuharibu tumbo.

Mwaka uliofuata uvimbe ulirudi. Mama akapelekwa bara kupasuliwa tena, na akafia mezani. Tuliambiwa presha ilipanda ghafla baada ya dawa ya usingizi, ikapanda mpaka moyo ukashindwa. Leo, kwa niliyoyaona kwa Asma na kwa ninayoyakumbuka ya ngazi ya jikoni, naamini mama alikuwa na ule uvimbe wa juu ya figo na hakuna aliyeujua. Waliompasua hawakuwa na kosa. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwaambia.

Mwaka 2006, nilipokuwa Dar nasomea kazi hii, niliomba ruhusa nikaingia chumba cha madaftari ya zamani. Nikafungua mwaka 1991. Nilipitia ukurasa kwa ukurasa, mwezi ule na miezi mitatu ya mbele, kidole juu ya kila jina. Mwanawema hakuwemo. Nikajua chupa haikufika. Na nilijua imekwenda wapi, kwa sababu hakuna mtoto wa kwetu anayeweza kuitupa nyama ya mama yake. Kwetu mtu akikatwa kidole kidole kinazikwa, kitovu cha mtoto kinazikwa, hata nywele za kwanza zina mahali pake. Nikajua umezika.

Nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Hili ni kosa langu, na nataka ulisome kwa mwandiko wangu. Ulikuwa umeshahamia Suhar tangu mwaka ule baada ya maziko ya mama, na katika miaka yote umekuja mara nne, na kila ukija unakwenda kila mahali isipokuwa Pujini. Niliona nikikugusa hapo sitakuona tena. Kumbe kimya changu hakikukuleta karibu hata hatua moja. Mimi ni daktari, nilikuwa na mama aliyekufa kwa uvimbe wa tezi na presha ya ghafla, na nilikuwa na ndugu wawili. Ningesema tangu 2006, Asma angetazamwa kabla mkono wake haujaugusa uvimbe, na wewe usingefika tarehe sita Oktoba bila kujua. Wewe ulinyamaza ukiwa kijana. Mimi nilinyamaza nikiwa mtu mzima mwenye shahada ukutani.

Sasa sikia lililotokea mwezi wa Juni. Siku Asma alipopasuliwa, chupa yake ilitolewa nje nikakabidhiwa mimi. Jamaa walikuwa wamekaa kwenye benchi, na Mjomba Khatib alikuwepo, na miaka yake themanini na sita na bakora yake. Akaomba aishike. Nilidhani anaitaka akaizike, na mimi kwa wazee wa namna hiyo nina hotuba yangu tayari, nimeshaitoa mara nyingi. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake moja linaloona, akasoma jina la Asma, kisha akanirudishia.

“Chukua weye ukaisome,” akaniambia. “Ile ya mamaako n'liizika miye, kwa mkono wangu. Yule kijana hakutaka. Alilia, akanambia mjomba n'shaahidi. Miye n'kamwambia ukiipeleka radhi zangu huna. Na hilo neno safi, n'lompa ni miye.”

 Mimi nilikuwa nimeishika chupa ya Asma, na nilichoweza kufanya ni kukaza kifuniko ambacho kilikuwa kimeshakazwa. Kaka Jecha, kwa miaka kumi na tisa nilidhani uliamua peke yako. Nilikusamehe, ndiyo, lakini nilikusamehe kwa jambo ambalo si lako. Sikujua ulilia. Sikujua kwamba ulisimamishwa baina ya ahadi kwa mama na radhi za mjomba, na kwamba siku zile sita, kama Mjomba alivyonieleza baadaye, ulizikaa Mkoani kwa rafiki yako ukisubiri zipite, ili urudi na neno ulilopewa. Nakuomba radhi kwa kukudhania.

Wiki ile ile Mjomba alinipeleka Pujini. Unakumbuka siku ya kumzika mama, alivyoing'ang'ania ile kona ya mawe? Wachimbaji walilalamika, mpini wa jembe ukavunjika, na watu wakasema mzee ana ukaidi, makaburi yote haya na udongo laini wote huu. Mimi pia nilikasirika, niliona anamtesa mama mpaka kaburini. Sasa ameniambia sababu. Kile kinyama mlikiosha, mkakivika kitambaa cheupe, mkakizika pale kwenye kona mwaka mmoja kabla. Alitaka dada yake alale karibu na kilicho chake. Ni hatua tatu. Nilizipima kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilisimama pale nikafikiri mambo mengi. Nimekwenda nchi za theluji kujifunza kulisoma tezi lile, nikalitafuta kwenye madaftari, na kila Idi nilikuwa nikilisomea Yasini bila kujua, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikukasirika tena. Nilisikitika tu, na nikatamani ungekuwepo.

Najua utaniuliza swali moja, hata kama hutalitamka. Kama chupa ingefika, mama angepona? Swali hilo nimelala nalo muda mrefu. Wakati ule msomaji angeweza kuiona saratani ya shingo na bado asifikirie juu ya figo. Angeweza pia kuwa mtu makini, akaandika mstari mmoja wa tahadhari, na mstari huo ukamfikia daktari wa usingizi. Sijui. Hilo ndilo jibu la mtaalamu na ndilo jibu la ndugu yako, sina jingine nililolificha. Sitakudanganya kwamba haikuwa na uzito, maana tumeshadanganyana vya kutosha katika nyumba hii. Lakini sitakubali ubebe kifo chote peke yako, kwa sababu hakikuwa chako peke yako hata siku moja.

Kuna jambo jingine hulijui, na ningependa ulijue kabla hujaikunja karatasi hii. Nilipoanza kazi hapa Pemba, chupa zilikuwa hazifiki. Tezi limetolewa leo, kesho unaambiwa jamaa wameshazika. Wenzangu walitaka nitoe amri, watu watishwe. Nilikataa, kwa kuwa nilijua hao wanaozika si wakaidi, ni watu kama wewe. Nikaenda kwa Shehe Ahmada, tukakaa naye siku tatu tukijadiliana, na mwisho tukakubaliana: kinyama kisomwe kwanza, na sehemu kubwa inayobaki irudi kwenye udongo kwa heshima. Sheha, mkuu wa mtaa, akatupa kipande cha ardhi pembeni ya makaburi. Kila Alkhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, Mabruki, mhudumu wetu, anachimba, vinavikwa kitambaa cheupe, Shehe anaomba dua, na mwenye jamaa yake akitaka huja. Kile kipande kidogo cha kwenye nta kinabaki kwetu kwa ruhusa ya mwenyewe, na asiyetaka anarudishiwa. Tangu hapo chupa zinafika. Watu mtaani wana msemo wao sasa, “soma kwanza, zika baadaye,” wameufanya mpaka wimbo wa kubembelezea foleni.

Wageni wakija hunisifu kwa kubuni utaratibu huo, wakaandika kwenye ripoti zao. Mimi huwaambia ni hekima ya Shehe Ahmada. Leo nakwambia wewe ukweli. Niliutoa kwako. Nilimfikiria kijana aliyeizungushia chupa kanga ya mama yake isigongwe, nikajiuliza kingemfaa nini. Wewe na Mjomba hamkukosea kuzika, mlikosea kutanguliza. Mimi nimeongeza kusoma tu.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ya Kiingereza, yenye sahihi na muhuri wangu, pamoja na nakala ya majibu ya Asma. Hiyo si yako, ni ya daktari wako. Mpe mkononi, na mngoje aisome mbele yako. Ndani nimemweleza jasho lako, na mama, na Asma, na nimemwomba akupime damu na mkojo kwa ajili ya yale matezi ya juu ya figo, na akupime vinasaba, kabla ya kisu chochote. Ukikutwa na uvimbe huo, kuna dawa za kuutuliza utakazokunywa wiki kadhaa, kisha utatolewa na watu wanaojua wanachokitoa, na shingo nayo itatazamwa. Watu wanaishi na urithi huu wakazeeka, wakabaki kugombana na wake zao kama kawaida. Ukikutwa huna, basi watoto wako wamesalimika na urithi huu, na ngiri yako upasuliwe kwa raha zako. Hamdan, Ashraf na Laila wasiguswe mpaka majibu yako yatoke. Usiwatie hofu bure.

Mwambie Mwanabaraka. Usimfiche kwa kumhurumia, siri ya kumhurumia mtu tumeshaona ilikotufikisha. Na ukiona uzito kwenda, niambie, nina likizo yangu ya siku kumi na nne ambayo sijaigusa, nitakuja Suhar tukakae pamoja kwenye benchi la hospitali.

Mjomba Khatib alijua nakuandikia, akaja mwenyewe Tibirinzi jana asubuhi, akakaa barazani mpaka nikatoka na kalamu. Alitaka niandike neno kwa neno, na akanifanya nimsomee mara mbili ahakikishe sikuongeza changu.

“Mwambie radhi zangu anazo, hazikutoka hata siku moja,” alisema. “Miye ndiye nitakaye zake. Na mwambie akijipeleka kupasuliwa hajapimwa, hapo ndo hana.”

Mzee ametumia bakora ile ile, kaka, ila safari hii ameishika upande unaofaa. Alipomaliza alilia kidogo, akasingizia moshi wa jikoni, na jikoni siku hiyo hatukuwasha moto.

Hafiz atakupa pia kifurushi: achari ya ndimu aliyoitengeneza Asma, karafuu za mwaka huu za kutia kwenye chai, na kanga mbili za wifi yangu, nimemchagulia rangi anayoipenda. Nimekutilia na udongo mkavu kidogo kutoka ile kona ya Pujini, ndani ya kitambaa cheupe. Kaa nao mpaka utakapoweza kuja mwenyewe.

Asma anakusalimu, na anasema sauti ikirudi yote wa kwanza kukaripiwa ni wewe. Kauthar anakusalimu, na Mabruki, na Shehe Ahmada ambaye kila tukionana huuliza habari zako. Nisalimie Mwanabaraka, na Hamdan, na Ashraf, na Laila wa picha. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema Zake, akuondolee unachokijua na usichokijua, na akurudishe kwetu kwa miguu yako.

Neno la mwisho. Majibu yako yakitoka nitumie picha ya karatasi yenyewe, hata ikiwa mbaya, hasa ikiwa mbaya. Usiniandikie neno “safi” peke yake, mimi neno hilo nalisikia mpaka leo. Nina kuku wawili uani nimewafunga mguu tangu jana. Siwachinji kwa maneno. Nikiiona karatasi, iseme lolote itakalosema, nitawachinja, nitaita majirani, na nitakuwekea sahani yako. Safari hii utakula.

Mimi mdogo wako, nikupendaye tangu siku ile ulipokataa kula,

Masika